Nyumba Inayomngoja Mgeni Rasmi

Nkuhungu, Dodoma

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii inakukuta umeketi karibu na moto, maana nasikia baridi ya huko Mbinga mwaka huu haina adabu. Mimi mwanao ni mzima, ila nimechoka. Si uchovu wa kuumwa. Ni ule wa kukaa kitandani jioni na kiatu kimoja mkononi, ukasahau kama ulikuwa unavua au unavaa. Kifua chako kinaendeleaje? Na lile goti? Nimeambiwa kikohozi kimerudi, na kwamba usiku unakohoa mpaka majirani wanasikia.

Simu najua huipendi, na hata nikipiga anapokea Osmundi. Kila mara ananiambia mama hajambo, mama anacheka, mama anakusalimu, halafu anaingia kwenye habari zake. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Najua pia kwamba atakayekusomea ni yeye huyo huyo, kwa kuwa miwani yako ilivunjika na watoto wote wako bweni. Haya, Osmundi mdogo wangu, hujambo? Soma polepole, soma kwa sauti, na usiruke. Pale utakapotamani kuruka, hapo ndipo ninapotaka mama asikie.

Mama, yule Tekla binti wa shangazi alipita hapa akienda kwa mumewe Singida, akalala kwangu. Tulikuwa tunakula nikamuuliza mama anaionaje nyumba yake mpya. Akaweka tonge chini. Akasema nyumba imekwisha tangu Pasaka, ina milango, ina madirisha ya vioo, na bati lake linawaka mpaka ng'ambo ya bonde. Lakini imefungwa. Akasema wewe bado unalala kwenye nyumba ya zamani, ambayo ukuta wake wa nyuma umeachia na ufa umezibwa kwa gunia la kahawa, kwa sababu Osmundi anamngoja mgeni rasmi kutoka Dodoma aje akate utepe. Akasema utepe wenyewe ulikuwa mwekundu, sasa jua limeufifisha. Na kwamba kila asubuhi unafagia baraza la nyumba yako mpya, kisha unarudi kuota moto kwenye ile ya zamani.

Sikuweza kumaliza chakula, mama. Tekla alilala mapema kwa uchovu wa basi, mimi nikabaki naosha vyombo ambavyo nilikuwa nimeshaviosha.

Chanzo chake nakijua. Mzee Ditriki wa ng'ambo ya mto alipomaliza nyumba yake alifunguliwa na diwani, kukawa na ngoma na picha, na tangu siku hiyo Osmundi hajalala vizuri. Kwake yeye, kama Ditriki alifunguliwa na diwani, basi sisi lazima tufunguliwe na mkubwa kuliko diwani, tena dada yupo Dodoma, anafanya kazi ofisi ya mkurugenzi. Ni kweli, nafanya kazi ofisi ya mkurugenzi. Nafagia, napiga deki, nachemsha chai na kuipeleka mezani, kisha narudi kuchukua kikombe. Sijawahi kumwambia mtu vinginevyo. Sijui hiyo chai ikifika kijijini inageukaje kuwa cheo.

Kadi uliyotuma, Osmundi, ile ya kumwalika mkurugenzi, yenye maua ya dhahabu, imenifikia. Kabla sijakujibu, niache nimsimulie mama mambo yaliyotokea hapa mtaani kwetu, maana jibu lako limo humo humo.

Mama, hapa Nkuhungu nimepanga chumba cha uani kwa mama mmoja anaitwa Mama Prosper, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ng'ambo ya barabara, geti kwa geti, anakaa Mama Anjela, anayeuza mchele wa Bahi kwa jumla. Hawa wawili wako jumuiya moja, kwaya moja, na wakikutana wanakumbatiana mpaka vitenge vinachanganyika. Lakini ukiwatazama unachoka. Mama Prosper alijenga nguzo za geti akaweka juu yake simba wawili wa saruji. Haukupita muda, Mama Anjela akaweka tai wawili, mabawa yamekunjuliwa, macho yamewaelekea wale simba. Mama Prosper akawapaka simba wake rangi ya dhahabu. Mimi nikitoka alfajiri kwenda kazini napita katikati ya wanyama hao wanaotazamana, nawaonea huruma, kwa sababu vumbi la Dodoma halichagui na rangi imeshaanza kuwatoka wote.

Sasa mwaka huu Prosper na Anjela wote wamepata kipaimara. Unajua parokia za mjini, askofu anakuja siku moja tu na watoto wote wanapakwa mafuta pamoja. Kwa hiyo sherehe zote zinaangukia alasiri ile ile, na wageni ni wale wale. Mtu unakuwa na kadi nyingi na tumbo moja. Wengine huelewana wakafanya pamoja. Padre mwenyewe aliwashauri hivyo hawa wawili, wakaitikia vizuri sana, wakatoka kila mmoja akaenda kukodi turubai lake.

Mama Prosper alinigongea jioni moja nikiwa nachambua mboga. Akakaa kwenye ndoo, kitu ambacho hajawahi kufanya.

"Winfrida, wewe si uko na mkurugenzi?"

"Nampelekea chai, Mama Prosper."

"Ndiyo hivyo hivyo. Mtu anayekunywa mkononi mwako anakusikiliza. Mpelekee kadi hii, mwambie awe mgeni rasmi wa mwanangu."

Nikamwambia siwezi kumwahidi kitu, mimi ni wa kupeleka tu. Akasema peleka. Kesho yake nikiwa nateka maji bombani, Mama Anjela naye akaniita pembeni, kadi yake mkononi, maneno yake karibu yale yale. Nikamweleza kabisa kwamba jirani yako ameshaleta yake. Akacheka kidogo, akasema basi yangu iweke juu. Nikarudi kwa Mama Prosper nikamweleza naye, nisije nikaonekana mchonganishi. Akasema, "Sawa. Ahakikishe tu anaanzia kwangu." Halafu akanikumbusha kwamba chumba changu watu wengi wanakitaka, na alinipa mimi kwa kuwa aliambiwa ni mtu wa ofisini.

Kadi zote mbili nikampa katibu muhtasi wa mkurugenzi, zikaingia ndani. Siku ya pili nikiwa natoa kikombe, mkurugenzi akaniuliza kama hao ni ndugu zangu. Nikasema majirani. Akasema, "Nitaangalia ratiba." Ni mtu mpole, sina ubaya naye. Lakini mimi nimefanya kazi kwenye ofisi hizi tangu zilipohamia huku, na ninajua mkubwa akisema ataangalia ratiba ana maana gani. Niliwaeleza wale kina mama vile vile alivyosema, bila kuongeza wala kupunguza. Kila mmoja akasikia "ndiyo". Kabla ya wiki kuisha kulikuwa na mabango mawili barabarani, kila bango na picha ya mtoto, na chini yake jina la mkurugenzi kwa herufi kubwa kuliko la mtoto.

Siku ilipofika tulitoka kanisani jua likiwa la utosi. Maturubai mawili yanatazamana, spika mbili zinatazamana, washereheshaji wawili wanapokezana kelele. Mama Prosper alikuwa amekodi matarumbeta. Halafu, kwa kuogopa viti vitupu, mdogo wake anayefundisha kule Chimwaga alileta vijana wa chuo waliovaa suti, wakakaa mstari wa mbele kama maofisa, wanakunywa soda kwa adabu. Mama Anjela yeye alileta ndugu zake kutoka Bahi, kina mama watu wazima na ngoma zao, wakashuka kwenye bodaboda wakiwa wameshapiga vigelegele njiani. Waumini wa jumuiya yetu, maskini, walikaa hapa kidogo, wakavuka barabara wakakaa pale kidogo, kila mahali wakionekana kama ndio wamefika.

Chakula kilikuwa kimeshapangwa, kimefunikwa. Lakini hapa mjini, mama, chakula cha sherehe kina mwenyewe. Mpaka mgeni rasmi afike, akae meza kuu, aseme neno, akate keki, ndipo atangulie kupakua na chakula kihesabiwe kimefunguliwa. Kabla ya hapo hata mwenye mji haonji. Kwa hiyo tukangoja. Matarumbeta yakapiga yakanyamaza. Pilau ikapoa. Watoto wenye siku yao wenyewe walikuwa nyuma ya tenki la maji, wote wawili, wanacheza, na hakuna aliyewaulizia.

Pale mbele chini ya turubai la Mama Prosper alikaa mama yake mzazi, bibi aliyeletwa kutoka Kongwa kumwona mjukuu. Ni mdogo wa mwili kama wewe, na khanga anajifunga kama unavyojifunga wewe, fundo chini ya kwapa. Alikuwa hajala tangu asubuhi kwa ajili ya komunyo. Jua likasogea likamkuta kwenye kiti. Nikamwinamia nikamuuliza kama yuko salama.

"Mjukuu wangu, kula tunakula saa ngapi?"

"Tunamngoja mgeni rasmi, Bibi."

"Ni nani huyo? Ni ndugu yetu?"

"Hapana Bibi, si ndugu."

"Anamjua mtoto?"

Nikasema hamjui. Akaitazama ile meza ya chakula kilichofunikwa, akauliza tena taratibu, kama mtu anayeogopa kuonekana mshamba, "Sasa mbona tunamngoja?"

Mama, nimekaa Dodoma miaka, nimesikia maswali ya watu wakubwa ofisini, lakini hili sikuwahi kulisikia. Nilikwenda kwa Mama Prosper aliyekuwa amesimama getini kati ya simba wake, shingo ameinyoosha kuelekea barabara kuu. Nikamwambia bibi ana njaa, nimpakulie kidogo. Hakugeuza hata uso. Akasema, "Avumilie, anakuja sasa hivi." Niliporudi, bibi alikuwa ameegemea upande, macho yamemlegea, jasho jembamba usoni. Mimi na kijana mmoja wa Chimwaga tukamwinua, tukampeleka chumbani kwangu. Nikatoka nikaenda moja kwa moja kwenye ile meza, nikafunua sinia, nikapakua pilau na mchuzi mbele ya watu wote. Mshereheshaji akaniambia kwa kipaza sauti kwamba chakula hakijafunguliwa. Nikaendelea kupakua. Bibi akala nikimshikia sahani, akanywa maji, rangi ikamrudia, akalala kitandani kwangu. Nilikaa naye nikilia, na sikuwa ninamlilia yeye.

Hapo ndipo gari likafika. Nililijua kwa mlio. Nikatoka nikakuta watu wa maturubai yote mawili wamesimama, matarumbeta upande huu, ngoma za Bahi upande ule, na gari jeusi la mkurugenzi limesimama katikati kwa sababu umati umeziba njia. Mlango ukafunguliwa, akashuka Mzee Ndahani, dereva wake, amevaa koti lake la Jumapili, mkononi ana bahasha mbili. Mkurugenzi alikuwa ameondoka na treni ya umeme kwenda Dar es Salaam tangu jana yake, akamtuma Mzee Ndahani alete salamu za udhuru kila nyumba. Hakupewa nafasi ya kuzisema. Shada la maua lilikuwa shingoni mwake kabla hajafunga mlango. Mama Prosper amemshika mkono wa kulia, Mama Anjela wa kushoto, kila mmoja anamwambia, "Karibu mheshimiwa, huku," na yeye anasema, "Jamani, mimi ni Ndahani," na washereheshaji wote wawili wakatangaza kwa spika kwamba amewasili Mheshimiwa Ndahani.

Wa kwanza kumtambua walikuwa wale kina mama wa Bahi. Mmoja aliacha ngoma, akamkaribia, akamtazama chini ya shada. "Mbukwa," akamsalimia Kigogo, kisha akageukia wenzake. "Huyu si Ndahani wa kwetu? Tumechunga naye ng'ombe. Huyu ni dereva." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, ya furaha ya kumwona mtu wa kwao. Watu wote wa karibu walisikia. Mama Prosper alisikia. Mama Anjela alisikia. Nikasema moyoni, basi, yamekwisha, sasa watacheka na tutakula.

Hawakucheka, mama. Walitazamana juu ya kichwa cha yule mzee, na nikaona kila mmoja anangoja mwenzake aseme kwanza. Anayesema kwanza kwamba huyu ni dereva, ndiye ambaye mgeni wake hakuja. Hakuna aliyesema. Mama Prosper akakaza tabasamu, akamvuta. Mzee Ndahani akapelekwa meza kuu, akakata keki, akawaasa vijana waheshimu wazazi na wasiendeshe vyombo vya moto wakiwa wamelewa, akapigiwa makofi na wasomi wa Chimwaga. Kisha akavushwa barabara, akakata keki nyingine, akawaasa tena, akala tena. Aliponipita aliniambia kwa sauti ya chini, "Winfrida mwanangu, hawa wataniachia saa ngapi? Gari la serikali lile." Shada lilikuwa limemwachia chavua mpaka kwenye masharubu.

Mwisho wa habari ni huu. Picha ya Mzee Ndahani akikata keki imetundikwa sebuleni kwa Mama Prosper, na nyingine imetundikwa sebuleni kwa Mama Anjela. Mzee Ndahani mwenyewe akiwa na safari ya upande huu anazunguka barabara nyingine. Bibi alirudi Kongwa, mzima, akanishika mkono muda mrefu kituoni. Na mimi nimeambiwa nitafute chumba kwingine. Si kwa sababu mkurugenzi hakuja, kwani kwa Mama Prosper alikuja, picha ipo. Ni kwa sababu nilimwaibisha mbele ya wageni kwa kupakua chakula kabla hakijafunguliwa. Nilimwuliza, "Hata kwa mama yako?" Akasema, "Mama angevumilia." Na ninaamini angevumilia kweli. Ndicho kinachoniuma. Wazazi mnavumilia, nasi tunachukulia kwamba hamhisi kitu.

Usihangaike kuhusu chumba, nitapata. Vitu vyangu si vingi, na mahali pa kulala panapatikana hata kama si karibu. Nimechoka tu kuhama.

Sasa, Osmundi, jibu lako. Kadi sijaipeleka na sitaipeleka. Si kwamba nakudharau mdogo wangu. Nyumba umeisimamia wewe, matofali umeyachoma wewe, wengine tulituma tu tulichopata, na kila nikikumbuka hilo nakushukuru. Nikiipeleka kadi mkurugenzi ataniambia ataangalia ratiba, wewe utaongeza miezi, na mama ataongeza gunia ukutani. Na hata akija, atakata utepe mtu asiyejua kwamba mama huanza kukohoa upepo ukitoka mlimani. Ditriki mwache na diwani wake. Ditriki hana mama, alimzika tangu tukiwa wadogo, na sidhani kama ile picha ya diwani inamfuta machozi.

Salamu nazitanguliza kabla ya neno langu la mwisho, kwa maana baada ya neno hilo sitaki msomaji aendelee kukaa. Msalimie mama mdogo Kolumba, mwambie vikapu alivyonisukia ninavyo mpaka leo. Msalimie baba mkubwa, anayepiga kengele ya kigango, na mkewe. Msalimie wifi yangu, mke wa Osmundi, ambaye najua amelisema jambo hili kabla yangu na akaambiwa hajui mambo ya mjini. Mwalimu aliyenifundisha kuandika, kama bado anapita hapo nyumbani, mwambieni namwamkia shikamoo. Padre akija kigangoni apite aibariki nyumba, naye hatahitaji kadi.

Mama, kisu chako cha jikoni kiko wapi? Kichukue. Utepe ule uukate wewe mwenyewe, leo, hata kama hakuna mtu anayetazama, kisha uutumie kufungia kuni. Lala chumba cha mbele, kile kinachopata jua la asubuhi.

Osmundi, ufunguo Tekla aliuona unaning'inia kiunoni mwako. Barua imekwisha. Inuka umpe mama.

Ni mimi mwanao,
Winfrida

Mama, kama bado amekaa, mwambie asome tena.